Boga la Koko Limeota Vichwa Viwili

Mama wangu,

Pumua kwanza: boga la Koko ni zima. Sasa nikuambie kwa nini wiki hii sikupokea simu zako za asubuhi, mchana na jioni.

Ule mche wa mbegu ya mwisho ya Koko, marehemu mama yako, nilivuka nao ziwa, nimeupakata kama mtoto mchanga. Nikaupanda hapa Ndosho, uani kwa mama mdogo, kwenye udongo kidogo kati ya mawe meusi ya volkano. Ukaanza kutambaa. Siku moja nimetoka soko la Kituku kununua visamaki vya sambaza, nakuta mama mdogo amepika bugali na mboga laini ajabu. Nikaomba tena. Akafurahi: "Ni ile ncha ya boga yako, nilikata ingali laini!"

Niliweka tonge chini. Nililia, Mama.

Furaha, binti yake anayesoma kilimo, akanivuta uani. "Wacha kulia. Ku ncha kuko seli changa, zenye hazijajua kama zitakuwa jani ao shina. Ile ncha inatumaka ujumbe chini kila wakati: ninyi mungoje! Ikikatwa, machipukizi ya chini haisikie tena ule ujumbe, inaamuka."

Leo nimeukuta mmea umetoa matawi mawili, moja kila upande. Nimecheka peke yangu, mvua inaninyeshea.

Simu zako nazo ni kama ujumbe wa ile ncha. Kwa hiyo zipunguze, Mama, nami nichipue kidogo. Ila Jumapili usikose kupiga. Mimi si boga.

Mutoto wako,
Neema