Unyoya wa Tai Uliongoja

Rapid City, Dakota Kusini, Marekani, 9 Julai 2012

Shangazi Orlena,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila hasira zimenijaa.

Jumamosi kwenye sherehe ya ngoma uliona mwenyewe. Unyoya wa tai ulipoanguka uwanjani, ngoma zikanyamaza, wakaitwa askari waliokwenda vitani waje kuuinua. Nami nikajitokeza. Baba mdogo Wilbert akaniambia mbele ya watu, "Wewe kawasaidie kina mama kukaanga mikate. Hapa tunataka waliopigana." Watu wakacheka. Yeye jeshini alitengeneza redio Ujerumani. Mimi nilimtoa mwenzangu Ortega kwenye lori linalowaka Iraki, nikambeba mpaka akanifia begani.

Nawe ulikaa kiti cha mbele, kimya. Sirudi kwenye ngoma hizo.

Mwanao,
Tamra

Cottonwood, 20 Julai 2012

Mwanangu Tamra,

Marahaba. Goti linalalamika kama kawaida. Unakula?

Tulia nikueleze. Kwetu Walakota, unyoya ulioanguka ni mpiganaji aliyeanguka. Ndiyo maana hauokotwi na yeyote ila aliyewahi kwenda vitani. Mila haikutaja mwanamume. Wanaume ndio waliojitaja. Lakini Wilbert ni mdogo wangu, namjua, hasukumwi. Mpe muda. Vumilia.

Shangazi yako

Rapid City, 2 Agosti 2012

Shangazi,

Shikamoo. Nakula.

Mila naijua, wewe ndiye uliyenifundisha. Nisichokijua ni kwa nini unaieleza vizuri hivi kwenye karatasi, na pale uwanjani ulikosa hata neno moja. Jeshini nako waliniambia nivumilie, tena kwa maneno matamu kama yako. Usiniandikie tena kunieleza.

Tamra

Cottonwood, uwanjani, 13 Julai 2013

Mwanangu,

Hujambo? Mimi leo nimekasirika, kwa hiyo nitaeleza kwa kifupi.

Unyoya umeanguka kutoka kwenye upepeo wangu wa manyoya katikati ya wimbo wa wapiganaji. Uzi ulikuwa umeoza. Wilbert akaja na wenzake. Nikakaa chini kando ya unyoya, na goti hili hili.

"Dada, simama. Watu wanangoja."

"Wangoje. Unyoya ni wangu, na wa kuuinua namchagua mimi. Mlimfukuza mwaka jana."

"Unaniaibisha."

"Wewe ulipigana na redio, Wilbert, na nasikia redio ilishinda."

Safari hii wamemcheka yeye. Ngoma zimenyamaza, na hakuna atakayecheza mpaka unyoya uinuliwe. Wapigaji ngoma wamekwenda kula. Jua ni kali, wamenishikia mwavuli. Watu wawili wameshanisihi nisimame, nimewaambia nao wakae, nyasi zipo.

Barua hii anakuletea mke wa Wilbert. Amechukua funguo za gari mfukoni mwa mumewe bila kuomba.

Sikuambii uvumilie. Mimi sisimami. Kama huji, mpe blanketi aniletee, usiku huku kuna baridi.

Shangazi yako

Nyuma ya karatasi hiyohiyo

Shangazi,

Shikamoo. Mama mdogo anatangulia na hii. Mimi navaa magwanda.

Blanketi sileti.

Mwanao,
Tamra