Povu la Daraja Mbili

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua utashangaa, maana Kiswahili wewe na mimi tulikitumia na wageni tu, na mteja aliyetoka mbali au daktari asiye wa kwetu, kisha tukarudi kwenye lugha ya nyumbani. Lakini nikikuandikia kwa Ekegusii nitakuonea huruma kabla sijafika mstari wa tatu, na leo sitaki kukuonea huruma. Leo nimekukasirikia.

Kwanza habari za nyumbani, kwa sababu hukunilea niingie kwa mtu na hasira bila kumjulia hali. Ng'ombe wako amezaa, ndama jike, mweusi na paji jeupe. Migomba uliyoiegemeza kwa miti ilianguka na upepo wa juzi, yote isipokuwa mmoja. Kemunto, mjukuu wako, akitoka shule bado anapitia mlango wa chumba chako, anasimama, halafu anakumbuka. Na kile kiti chako pale mlangoni mwa saluni yangu Suneka hakijakaliwa na mtu. Wateja wanakizunguka kama kuna maji yamemwagika.

Hicho kiti ndicho kimenifanya nikuandikie.

Unakumbuka nilipofungua ile saluni watu walivyocheka? Saluni gani haina shampuu, haina dawa ya kulainisha, ina beseni na jagi na pipa la maji ya mvua? Mimi sikujali. Nilikuwa na mshubiri ulioota nyuma ya jiko letu na nilikuwa na mafunzo yako. Ulinifundisha kukata jani la chini na kulisimamisha mpaka ule utomvu wa njano utoke wote, kwa sababu ndio unaowasha. Ulinifundisha kukwangua ute kwa kijiko na kuupiga na maji vuguvugu hadi uwe mwepesi. Majivu ya maganda ya maharagwe, kuyachuja kwa kitambaa, kisha kuyaonja, maana maji yakiuma ulimi yatauma na nywele. Limau kidogo kwenye maji ya mwisho. Kichwa kikiwa kikavu sana, avokado iliyoiva mpaka inajimenya yenyewe.

Lakini mshubiri haukuniletea mteja hata mmoja, Mama. Wateja uliwaleta wewe. Ulikaa kwenye kile kiti ukichambua mboga, na mtu akisita pale mlangoni nilimwambia, muulize huyo mama. Nawe uliweka mboga chini, ukafuta mikono, ukafungua kitambaa bila haraka. Zikashuka. Mwanamke mwenye wajukuu, na nywele nyeusi nzito mpaka mabegani. "Hii nywele haijui kitu ya duka," ulisema. "Shika. Wacha kuogopa, shika." Nao walishika, wakaingia ndani, wakavua vitambaa vyao.

Nusu ya wanawake wa Suneka walishika nywele zako. Mimi sikuwahi kuziosha hata mara moja. Nilikuomba mara nyingi. Nilikuambia, Mama, keti hapa kwenye beseni leo, mikono hii inaosha vichwa vya watu kutwa nzima. Ukanijibu, "Kichwa ya mama haioshwi na mtoto." Nilidhani ni mwiko wa kwenu Nyansiongo. Nikauheshimu.

Sasa wacha nikuambie mambo ya mochari.

Siku moja kabla ya mazishi tulienda kukuandaa, mimi na wanawake wa kanisa. Nilikuwa nimeamka mapema nikatengeneza mshubiri ule mzuri kabisa, laini, nikaukamulia limau na kuutia kwenye jagi, nikalifunika kwa leso yako. Njiani nililibeba mapajani. Nilikuwa nalia lakini kulikuwa na kitu ndani yangu kilichotulia, kwa sababu nilijua kwamba angalau leo nitakiosha kichwa chako. Nilisema mwiko ni wa walio hai.

Tulimkuta Kerubo ametangulia. Kerubo wako wa mitumba, rafiki yako wa soko la Daraja Mbili, aliyekutunzia sehemu ya kuuzia ndizi miaka hiyo yote. Alinikumbatia, akalia begani kwangu, kisha akafungua mfuko wake akatoa chupa ya kijani yenye picha ya nazi. Alinipa kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe.

"Hii ndio yake," akasema. "Ilibaki nusu. Nimeona asioshwe na ingine, ataikataa."

Mimi nikamuuliza, yake nani?

Akaniangalia. Maskini, alidhani ni kilio kimenichanganya akili. Akanieleza taratibu, wanawake wote wakisikia, na wawili kati yao ni wateja wangu wa kila mwezi. Kila Alhamisi ya soko, ukishamaliza kuuza ndizi, ulipita kwake nyuma ya vibanda, ukainama kwenye beseni lake, naye akakuosha na shampuu. Tangu lini? "Wewe ukiwa ungali primary," akasema. Alisema ulikuwa ukifumba macho na kumwambia asisuuze haraka, aache povu likae kidogo. "Alipenda povu sana, huyu. Alisema hapa ndio anapumzika." Naye akatabasamu huku machozi yanamtoka, kwa sababu kwake hilo lilikuwa kumbukumbu tamu.

Mama, nilikuwa nimeshika jagi.

Hapo ndipo nikazikumbuka Alhamisi zako zote. Ulivyorudi na kitambaa kimelowa, nasi watoto tukikuuliza, unajibu kwamba Daraja Mbili mvua ilikuwa kali. Na kwetu Kisii ni nani anayemuuliza mtu kwa nini amelowa? Mvua hunyesha hapa na kule kusinyeshe. Halafu Ijumaa, siku ya maandalio, kabla jua halijatua na Sabato haijaingia, ulitupanga uani tukaoshwa na mshubiri na majivu, mmoja baada ya mwingine, nawe ukasema chako ulikiosha alfajiri tukiwa tumelala. Tulikuamini. Kwa nini tusikuamini?

Nilikumbuka pia ile siku ya darasa la saba, nikiwa nimerudi nyumbani nikilia. Wasichana walikuwa wamenusa kichwa changu kwenye mstari wakasema nanuka jiko. Nilikuomba shampuu. Si chupa hata, ule mfuko mdogo tu wa kutumia mara moja. Ulinisimamisha mbele yako ukanishika kidevu. "Moraa, nywele ya hii nyumba haijui povu. Mama yangu alizikwa Nyansiongo na nywele nyeusi hivi. Wacha wacheke." Nikafuta machozi, nikarudi shule siku iliyofuata nikinuka jiko, na kichwa nimekiinua, kwa sababu yako. Hiyo ilikuwa Jumatano. Kesho yake ulienda sokoni.

Siku hizi hata huyo nyanya wa Nyansiongo simwamini. Huenda naye alikuwa na Kerubo wake.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu, Mama, ilifika mpaka mochari.

Na hili ndilo sijaweza kukusamehe. Nilimwambia Kerubo, "Muoshe wewe." Sikuweza. Nilisimama kando na jagi langu, nikamwangalia mwanamke mwingine akikiinua kichwa chako kwa mkono anaokijua, akijua mahali pa kukushika, hata ule uvimbe mdogo nyuma ya sikio akiukwepa, nami sikujua kwamba una uvimbe nyuma ya sikio. Povu likapanda. Chumba kikanukia nazi. Wale wateja wangu wawili wakaangaliana. Nilitoka nje nikaumwaga ule mshubiri kwenye mtaro. Nafasi ile ilikuwa moja tu, ya mwisho, na uongo wako ndio ulioninyima.

Baada ya mazishi baba mdogo aliuliza kama tutanyoa kama walivyofanya wazee, watoto wa marehemu kunyolewa nywele zote. Mzee wa kanisa akasema sisi tumeokoka, hayo tuliyaacha, huzuni iko moyoni. Ndugu zangu wakakubaliana naye. Mimi nikasimama nikasema leteni wembe. Watu walifuta machozi, wakasema angalieni Moraa alivyompenda mama yake. Hawakujua. Nilinyoa kwa hasira. Sikutaka kubaki na unywele hata mmoja ambao uliguswa na maneno yako.

Nilipofungua saluni tena, habari ilikuwa imefika kabla yangu. Unaijua Suneka. Walipita nje wakiangalia kiti, wakiangalia kichwa changu kipara, wakienda zao. Mmoja alisema kwa sauti, nisikie, kwamba mganga hajigangi. Wengine walidhani tulikuwa tumepanga pamoja, mimi na wewe, tukiwachezea. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya kukosa wateja. Jina langu, Mama. Nilikuwa nimewaambia watu wote uongo kwa kinywa safi.

Mwishowe aliingia Mama Nyanchama, yule mwalimu mstaafu ambaye hapendi kuzungushwa. Akabaki amesimama.

"Ni kweli mama yako alikuwa anatumia ya duka?"

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia sikujua, na kwamba asiponiamini sitamlaumu. Nikamwambia pia kwamba sijui tena kama mshubiri unafanya kazi au hapana, maana zangu zilikuwa za kawaida tu, na ushahidi niliokuwa nao ulikuwa kichwani mwako.

Kisha akaja, akaweka kiganja juu ya upara wangu kama anayepima kama mtoto ana homa. Ulikuwa umeanza kukwaruza. "Basi hakuna shida," akasema. "Tutaangalia yako ikimea. Hii hakuna mtu ataenda nayo soko." Akavua kitambaa chake akaketi kwenye beseni.

Tangu siku hiyo wananishika mimi. Anaingia mtu, hasalimii hata, anashika kichwa. Nakiosha hapo hapo mbele yao, mshubiri na maji ya mvua, mlango wazi. Wiki nyingine naona zinakuja vizuri, wiki nyingine naona ni zile zile za kila mtu. Sijui bado. Angalau nisichokijua sasa nakisema.

Nimejiuliza sana kwa nini hukuniambia. Mwanzoni labda uliona aibu, kisha nikafungua saluni, kisha wakaanza kuja watu, na kila mteja aliyeshika nywele zako akakufungia mlango wa kurudi. Hayo nayaelewa. Lakini Mama, unadhani ningefanya nini? Ningekununulia ile chupa. Ningekuosha mimi. Ningeacha povu likae kadri unavyotaka, usiku uingie, nisiulize. Sikukukasirikia kwa sababu ya shampuu. Nimekasirika kwa sababu kulikuwa na mahali unapumzika, na hukunipeleka.

Ijumaa iliyopita Kemunto aliiona ile chupa. Kerubo aliniachia, nami niliitupa nyuma ya ndoo nikashindwa kuitupa kabisa. Akaifungua, akanusa. "Inanukia magokoro," akasema, yaani wewe, nyanya yake. Mama, mtoto alijua harufu yako. Mimi niliyekuzika nilikuwa nikidhani ile harufu ni yako tu, ya ngozi yako, ya nguo zako za Sabato. Kumbe ilikuwa kwenye chupa, na nimeipenda maisha yangu yote.

Akaniuliza kama anaweza kuoshwa nayo. Lile jibu lako lilinifika mpaka kwenye meno. Nikaliona linavyotaka kutoka, na kidevu chake pale, kimekaa sawa kushikwa.

Nikamwambia alete beseni uani.

Nilimuosha mbele ya kila mtu, majirani wakipita na majani chai mgongoni, jua likielekea kutua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuosha kichwa cha mtu kwa povu. Linateleza, Mama. Ni jepesi, linajaa mikono, na mtu aliye chini yake hufumba macho na kulegea shingo yote. Nilipotaka kusuuza akasema, ngoja kwanza, liache kidogo. Nililiacha. Nilipiga magoti pale mikono imejaa povu, nikalia kwa sauti mpaka yeye akafumbua macho.

Chupa imeisha. Akitaka nyingine nitamnunulia, na itakaa dirishani, mahali inapoonekana.

Basi lala, Mama. Sijamaliza kukukasirikia na sitakudanganya kwamba nimemaliza, mmoja wetu inabidi aanze kusema kweli. Lakini nakuahidi hivi. Kichwa changu sitakitia kitu kingine ila kile ulichonifundisha, na nywele zikifika mabegani nitakuja huko kaburini, chini ya ule mgomba mmoja uliobaki, nifungue kitambaa, niseme nawe kwa lugha yetu. Zisipofika nitakuja pia, nikuambie. Na zikifika, basi utakuwa ulituambia ukweli miaka yote hiyo bila wewe mwenyewe kujua.

Mwanao,
Moraa