Watoto wa Don Hermógenes

Shoga, Nereida wa ofisi ya parokia katumaliza leo.

Jana alikuwa anarekebisha jina la baba wa mtoto mmoja kwenye kanzidata ya ubatizo. Akaiambia kompyuta: kwenye baba weka Hermógenes, yule mzee muuza mikate. Hakuitajia ni mtoto yupi. Nayo haina akili ya kuuliza, ikajaza jina hilo kwenye safu nzima ya akina baba.

Leo ni komunyo ya kwanza, kanisa limefurika, padri mgeni anasoma tu majina yaliyotoka kwenye kompyuta. "Wilmer, mwana wa Hermógenes. Yesenia, binti wa Hermógenes." Wote wa Hermógenes, nakwambia. Mzee mwenyewe, pale kwenye benchi, kalowa jasho. Nereida kajificha nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Antonio.

Doña Cleofe, mkewe, kasimama taratibu.

"Nilijua ana watoto wa nje," kasema, "ila sikujua ni parokia nzima."