Stuli ya Kukhu Imeshika

Baba,

Stuli ya Kukhu imeshika. Nimeanza na hiyo kwa sababu ndiyo ungeniuliza kwanza.

Tangu tukuzike, Kukhu, mama yako, hajakubali kiti kingine. Akipika anakalia mtungi ule wa maji, wa plastiki ya manjano. Shangazi alimletea kiti cha plastiki kutoka Malava, Kukhu akakirudisha. "Yangu iko kwa mwanangu," akasema. "Anaimalizia." Kila akisema hivyo nilikuwa natoka nje.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Jumamosi ile uliponiita, "Mama, njoo tukalie mbao," wasichana wa darasa letu walikuwa wanapita barabarani. Umeniita Mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la Kukhu, na siku hiyo hata hilo liliniaibisha. Nikasema nina homuwaki ya shule. Sikuwa nayo. Ukaangalia barabarani, ukacheka kidogo, ukaziegemeza mbao ukutani bila kuzipaka gundi. "Basi zitamngoja mwenyewe." Alhamisi iliyofuata moyo wako ukasimama.

Tangu nikiwa darasa la kwanza ndivyo tulivyogundisha: mbao mbili, gundi katikati, kisha tunazikalia zibanane, wewe upande huu, mimi ule, migongo yetu ikigusana. Mimi si mtu wa kuongea, na wewe hukunilazimisha. Likizo hii nilijaribu kukaa peke yangu. Mbao zikainuka upande wako.

Nikaomba ule mkono wa umeme uliokuwa ukigeuza dishi kuukuu la televisheni la kanisa. Mwalimu wa fizikia anauita akchueta. Ukiupa umeme unarefuka polepole. Ukibadilisha waya unarudi. Jirani anayechomelea aliniungia fremu, mkono ukakaa chini, usukume mbao juu zibanwe kwenye ubao mnene wa juu. Nikaunganisha betri tatu za pikipiki. Kukhu alikuja kuangalia. "Hii kitu inalianga kama paka ya njaa," akasema, akarudi jikoni.

Mara ya kwanza niliharibu. Niliuacha usukume mpaka ukashindwa, nikidhani nguvu nyingi ndiyo kushika. Kesho yake mbao ziliachana mikononi mwangu, kavu. Gundi yote ilikuwa sakafuni. Ni mbao ulizoranda wewe, Baba, na sina nyingine. Nilikaa nazo mapajani nikalia.

Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukipitisha kidole pale zinapokutana. "Ikitoa jasho, wacha." Nikazikwangua, nikazipiga msasa. Zimepungua unene kidogo, utanisamehe. Nikaweka springi ya shokabzoba ya pikipiki kati ya mkono na mbao, na swichi ndogo kando yake. Springi ikibonyea kiasi, inagusa swichi, umeme unakatika. Nilijaribu kwa mbao mbovu, nikisogeza swichi kidogo kidogo, mpaka nikaliona jasho: matone madogo tu ya gundi, mstari mzima.

Juzi nikagundisha mbao zako zenyewe. Mkono ukalia, kisha ukanyamaza bila mimi kuugusa. Hata umeme ukikatika, mkono haurudi nyuma, Baba. Unabaki umeshika. Hakukuwa na kazi iliyobaki kwangu. Hata hivyo nikapanda juu ya ule ubao mnene, nikakaa upande wangu.

Wasichana wakapita. Mmoja akaita, "Wewe, unaatamia nini hapo?" Wengine wakacheka.

"Stuli ya nyanya yangu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini sikushuka.

Jana niliingiza miguu uliyoichonga. Leo asubuhi Kukhu ameikalia. Alipeleka mkono chini, akapapasa pale mbao zilipokutana, muda mrefu. "Mwanangu amemaliza," akasema. Mtungi ameurudisha kwa maji.

Sikumwambia ni mimi.

Sasa pumzika, Baba. Kila nitakapogundisha nitakaa upande wangu, hata kama mashine hainihitaji, na wako nitauacha wazi. Na mtu akiniita Mama barabarani, nitaitika.

Ni mimi,
Mama