Kipande cha Kifaru cha Neema

Jumapili, Februari 2019. Lewisville. Upepo umevuma tangu asubuhi, na moyo wangu haujatulia.

Nina wivu. Niandike hivyo tu, nisizunguke.

Mimi na Neema tuko darasa moja, na sote tunafanya kazi ya historia kuhusu vifaru vya kwanza, vile vya Vita Kuu ya Kwanza vilivyotambaa matopeni taratibu kama mtu anayetembea. Kesho mwalimu atachagua kazi moja ya kupeleka kwenye maonyesho Houston. Mimi nimetengeneza kifaru cha maboksi. Nimesoma mpaka najua jinsi askari walivyozimia ndani kwa joto na moshi wa injini.

Neema ana kipande cha kifaru chenyewe.

Baba yake alitumwa Ufaransa na ofisi yake ya Plano, Neema akaenda naye. Huko mkulima mmoja alikifukua akilima viazi, akawapa: kipande cha ule mnyororo mnene ambao kifaru hutembelea, kizito, kimejaa kutu na udongo mkavu. Darasa zima lilikishika. Changu hakuna aliyekigusa.

Leo baada ya ibada Neema akaniazima kipande chake. "Kichore vizuri, shoga. Utaniletea kesho." Wema wake ndio ulionichoma zaidi.

Nilikiacha mezani nikaenda kubadilisha nguo. Niliporudi, Mama alikuwa kwenye sinki anakisugua kwa waya wa sufuria. Udongo wa Ufaransa ulikuwa unashuka na povu.

Nilisimama mlangoni, nikamwacha asugue. Nilikuwa nafurahi.

Kisha nikasema, "Mama, acha. Hicho hakioshwi."

"Kitu cha watu kirudi hivi? Mama Neema atasema hatuna sabuni."

Nilipomweleza kwamba kutu na udongo ule ndio thamani yake, aliketi na povu lake mikononi. "Nimeharibu kitu cha mtoto wa watu."

Upande mmoja unang'aa kama sufuria mpya. Mama anataka kwenda kuomba radhi mwenyewe. Nimemwambia nitakwenda mimi. Yeye hakujua, mimi nilijua.

Nitamtafuta Neema asubuhi, kabla mwalimu hajachagua. Akichaguliwa yeye, nitaweza kupiga makofi?

Sijui. Bado naitaka Houston, naitaka sana. Lakini udongo uliobaki kwenye kichujio cha sinki nimeukusanya kwa kijiko, nimeukausha, nimeufunga kwenye karatasi safi.

Ni wake.