Mgongo wa Shemeji, Moyo Wangu

Mshauri, nisikilize kabla ya Jumatano, maana Jumatano naingizwa chumba cha upasuaji nikiwa na uongo wangu.

Mimi ni fundi wa kupaka vyuma nikeli, mwaka wa kumi na sita sasa natumbukiza vitasa vya milango kwenye tangi la maji ya kijani na kuvitoa vinang'aa, na upele wa mikono ninao tangu mwaka wa pili, nikauzoea kama mtu anavyomzoea mama mkwe, lakini mwaka jana nikaanza kuhema nikifunga tu kamba za viatu, miguu ikavimba, daktari wa moyo akasema misuli ya moyo imelegea na moyo umetanuka, akatazama mikono yangu, akaniandikia kwenda idara ya ngozi nikabandikwe vibandiko vya metali mgongoni, waone kama kinga ya mwili wangu inagombana na nikeli, kwani wapo wagonjwa ambao huenda ugomvi huo hufika hadi moyoni. Niliogopa. Kiwandani kwetu fundi mwenye mzio anapelekwa kufunga maboksi, na mimi ndiye Bwana Kioo, mkaguzi huchana nywele akijitazama kwenye vitasa vyangu. Basi kadi yangu ya hospitali nikampa shemeji, mdogo wa mke wangu, kinyozi, mtu ambaye hata upupu haumuwashi. Akaniambia, "Shem, kule wanatazama mgongo, nani ataulizia sura?" Na kweli hawakuuliza. Akabandikwa, akarudi wakamkagua mgongo, majibu yakaja kwa jina langu: hana mzio. Tulicheka mpaka nikakosa pumzi, ingawa siku hizo pumzi nilikuwa naikosa hata bila kucheka. Nikarudi kwenye tangi. Sasa moyo umedhoofu zaidi na daktari anataka kunipandikizia kifaa cha kuushtua ukikosea mapigo, akasema kina nikeli kidogo ndani yake, "ila wewe huna wasiwasi, majibu yako ni safi." Mke wangu akashusha pumzi, "Afadhali hilo moja." Hajui kitu. Shemeji anasema ninyamaze, tutafungwa wote. Nifanye nini?

Bwana Kioo

JIBU

Bwana Kioo, nimeshapokea barua za watu waliomtuma ndugu kufanya mtihani wa udereva. Wewe ni wa kwanza kumtuma mtu akaugue kwa niaba yako, na hata kuugua kwenyewe akashindwa.

Kabla ya kukukaripia nilimuuliza daktari mwingine wa moyo, bila kukutaja. Anasema uhusiano wa metali na ugonjwa wa misuli ya moyo bado unachunguzwa. Wapo wagonjwa ambao kinga yao huchachamaa ikikutana na nikeli, lakini mzio peke yake si ushahidi kwamba nikeli ndiyo iliyoharibu moyo. Na wengi wenye upele kama wako huwekewa kifaa wasipate shida. Kwa hiyo huenda tangi lako halina hatia. Huenda. Aliyekuwa na njia ya kulichunguza ulimpa mgongo wa kinyozi.

Nikamuuliza, je, mgonjwa akificha? Akanijibu, "Naweza kubadili kifaa, naweza kutafuta kilichofunikwa ili nikeli isiguse mwili. Lakini nijue kabla sijapasua, siyo baada."

Hofu yako ya maboksi naielewa. Kushushwa baada ya miaka kumi na sita kunauma. Ila maboksi hufungwa na watu walio hai. Na shemeji mwambie atulie. Katika miaka yangu yote ya kuripoti kesi za mahakamani kwa gazeti hili sijaona mtu amepanda kizimbani kwa kuazimisha mgongo.

Gazeti hili linatoka Jumatatu. Ukimaliza kusoma, piga simu hospitali na useme: "Majibu ya mzio kwenye faili langu si yangu." Sentensi hiyo tu; hadithi ya vitasa waeleze wakikuuliza. Kama upasuaji utaahirishwa au la, ataamua daktari, siyo wewe wala kinyozi. Dawa za moyo usiache hata kidonge. Kwenye tangi usirudi mpaka daktari aseme. Ukizimia au ukikosa pumzi umekaa, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mke wako mwambie leo. Atapiga kelele. Mwache apige, kisha nenda naye.

Na wakikubandika vibandiko wewe mwenyewe, ukawashwa, vumilia usijikune. Safari hii wanakuuliza wewe.