Sauti ya Baba Haiwaki

Jumanne, 4 Machi

Haiwaki. Asubuhi ilikuwa inaongea, jioni haiwaki!

Ni mkono wangu huu. Kompyuta ilikuwa inaomba kusasishwa tangu wiki iliyopita, kila siku ujumbe uleule pembeni mwa skrini: kuna kiini kipya cha mfumo, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine. Nikaona nimalize kabla ya kwenda kazini. Ikanung'unika kwamba nafasi imejaa, nikafuta viini vya zamani, nikaendelea. Sasa nikiwasha inamwaga maandishi meupe juu ya weusi, halafu inakwama. Mstari wa mwisho una neno panic. Yaani hata mashine imeingiwa na hofu. Basi tuko wawili.

Baba amekaa mbele yake, mikono mapajani. Tangu ile operesheni ya koo yeye huandika, nayo kompyuta husema kwa sauti yake — ile aliyokuwa akinadia mnadani, aliyoirekodi sentensi moja moja kabla hajakatwa. Rekodi zimo humo tu.

Nimemwambia ni kitu kidogo. Mwongo mkubwa mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia binamu, aliyeitengeneza hiyo sauti. Akauliza nakala nyingine iko wapi. Nikamwambia, si unayo wewe? Kumbe! Yeye alidhani ninayo mimi. Nikakaa sakafuni na simu.

Kaniambia niwashe huku nimebonyeza Shift, itatokea orodha, nichague kiini cha zamani. Orodha ikatokea. Mstari mmoja tu! Vya zamani si nimevifuta? Binamu akasema majuto ni mjukuu. Nikamjibu huyu wangu hata hakungoja, kazaliwa siku ileile.

Mama anauliza kiini gani, cha yai? Baba peke yake ndiye aliyecheka, kwa mabega. Siku hizi anacheka hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini sikufaa. Niko mapokezi kwa daktari wa meno, kazi yangu ni kuwatuliza watu wanaoogopa koleo. Leo mgonjwa ndiye aliyenituliza mimi. Daktari kaniachia kompyuta yake nitengeneze flashi ya kuwashia, kama binamu alivyoelekeza. Hata flashi yenyewe naiogopa. Nimeifunga kwenye leso.

Ijumaa, 7 Machi

Imewaka! Kwa flashi, si yenyewe, lakini imewaka. Nikapita humo ndani kwa kidole kimoja, binamu sikioni, mpaka kwenye folda ya Baba. Zipo! Nikafungua moja: mara ya kwanza, mara ya pili, nani anaongeza? Baba alifumba macho. Mama alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani — sijui alidhani nini. Akarudi jikoni.

Binamu kasema diski ni nzima, kilichovunjika ni mlango wa kuingilia tu. Nisiguse chochote kabla ya kunakili. Flashi ni ndogo, haina nafasi. Kesho nikitoka kazini naazima diski ya daktari, nanakili kwanza, ndipo tutengeneze. Mama nimemwambia kwa ufupi: bado mbovu, kesho. Haraka haraka haina baraka.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya duka la fundi. Nisipoandika nitapiga kioo ngumi.

Nimefika nyumbani na diski, meza tupu. Mama, kwa furaha kabisa, kasema ametupunguzia kazi: kaipeleka kwa fundi wa barabara ya nyuma. Fundi kamwuliza kama aisafishe.

"Nikamwambia, safisha, mwanangu, safisha kabisa. Ina mavumbi hiyo."

Mama alisikia vumbi. Fundi alimaanisha kufuta kila kitu kilichomo, aanze upya. Sikumweleza. Nilimtazama tu, ameridhika vile, nikageuka nikakimbia. Baba nyuma yangu na kandambili.

Duka limefungwa. Nampigia, simu inatetemeka mle ndani juu ya meza, naiona. Kando yake kompyuta yetu, imefunguliwa, mstari wa buluu unajaa taratibu. Ananakili? Anafuta? Maandishi ni madogo, kutoka hapa hayasomeki. Naogopa.

Fundi huyo! Alitokea ng'ambo ya barabara, anatembea na njiti mdomoni, hana habari. Baba akafungua mdomo. Mtu aliyekuwa akikohoa tu, mnada mzima kimya! Hakikutoka kitu. Akanigeukia. Basi nikapiga kelele mimi, mimi nisiyeweza hata kumwita mgonjwa anayefuata kwa sauti, mpaka watu wakachungulia madirishani. Fundi akakimbia. Kwa hilo namshukuru.

Sasa yumo ndani. Katuomba tubaki nje, katugeuzia mgongo, anabonyeza, anangoja, anabonyeza. Nimemwuliza mlangoni amesafisha nini. Kainua kidole, ningoje.

Baba kaacha kibao chake cha kuandikia nyumbani. Kaichukua kalamu hii mkononi mwangu. Mstari huu ni wake:

Vyovyote itakavyokuwa, mama yako asijue fundi alimaanisha nini.

Fundi anageuza kiti.